Behewa la mwaka 1890 linarudije kwenye reli? Kazi ya wanaojitolea na yale tunayoyachanganya

Tangu treni za umeme zianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, mazungumzo yetu ya reli yamekuwa ya mwendo kasi: tumefika saa ngapi, nauli imepanda au haijapanda, kiyoyozi kinafanya kazi au la. Wakenya walitangulia mwaka 2017, treni mpya ya Mombasa–Nairobi ilipozinduliwa. Kwa hiyo zikipita kwenye simu video za Waingereza wakikwangua rangi kwenye behewa la mbao lililoundwa kabla hata reli ya Mombasa haijaanza kujengwa, watu huuliza kwa dhati: hawa wana shida gani? Nchi yao imekosa hela ya kununua mapya? Na kama ni makumbusho, mbona abiria wanapanda na tiketi wanakatiwa?

Wengine hulijumlisha jambo hili na ukarabati wa mabehewa uliofanyika Kenya kabla ya treni ya Nanyuki kurudi mwishoni mwa 2020 na ya Kisumu mwaka uliofuata. Ni mambo mawili tofauti, na ukishaiona tofauti yake, mengine hayasumbui.

Kukarabati, kuhifadhi, kurejesha

Kukarabati behewa ni kulitafutia kazi. Limechoka, linaingizwa karakana, linabadilishiwa viti, nyaya na choo, kisha linarudi kubeba abiria wa kila siku. Hakuna anayeuliza kiti cha kwanza kilikuwa cha kitambaa gani. Kinachotakiwa ni behewa lifae leo.

Kuhifadhi ni kulinda ushahidi. Kitu kinazuiwa kisiharibike zaidi, lakini hakitembei. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi kuna behewa la ukaguzi ambalo ndani yake ofisa wa polisi Charles Ryall alikamatwa na simba usiku wa Juni mwaka 1900, kwenye stesheni ya Kima, akaburutwa nje kupitia dirishani. Hakuna mwenye akili timamu atakayetaka behewa hilo liwekewe madirisha mapya na kupelekwa Athi River na watalii. Thamani yake iko kwenye mbao zilezile.

Kurejesha kumekaa katikati, na ndiyo kazi ngumu kuliko zote tatu. Behewa linarudishwa kwenye sura liliyokuwa nayo katika kipindi fulani cha maisha yake, na hapohapo linatakiwa litembee likiwa na watoto na wazee ndani. Historia inasema usiguse. Usalama unasema badilisha. Kila siku ya karakana ni kuamua kati ya hayo mawili.

Mahali kazi hiyo inapofanyika ni reli ya urithi: kipande cha njia ya zamani, mara nyingi kilichofungwa zamani na shirika la reli, ambacho sasa kinaendeshwa kwa treni za kale na abiria wanaolipa nauli. Uingereza zimepita mia moja, na wanaojitolea huko wamepita 20,000. Hao ndio waendeshaji, magadi (walinzi wa treni), wakata tiketi, wafyeka majani kando ya njia, na mafundi wa mabehewa.

Neno behewa tunalitumia kwa vitu vingi, kwa hiyo tukubaliane. Hapa behewa la abiria ni lile lenye viti, behewa la mizigo ni lile la makaa, nafaka au ng'ombe. Kila behewa lina sehemu mbili kubwa: fremu ya chini, yaani chuma au magogo yanayobeba uzito wote pamoja na magurudumu na breki, na bodi, yaani chumba kilichokaa juu yake. Kumbuka kwamba hizo mbili zinaweza kutenganishwa. Jambo hilo limeokoa mabehewa mengi.

Walianzaje

Reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea ni ya Talyllyn, huko Wales, njia nyembamba ya kilomita kama 11 iliyojengwa miaka ya 1860 kubebea mawe ya kuezekea nyumba kutoka milimani. Mmiliki wake, Sir Henry Haydn Jones, alifariki mwaka 1950, na kila mtu alijua njia itafungwa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo kundi la watu lilikutana Birmingham, mmoja wao akiwa mhandisi na mwandishi L. T. C. Rolt, wakakubaliana kuiendesha wenyewe. Treni yao ya kwanza ilitoka Mei 14, 1951. Mabehewa ya awali ya reli hiyo, ya miaka ya 1860, yapo hadi leo na bado yanabeba abiria.

Walipoanza wengi waliwaona wameingiwa na wazimu. Miaka tisa baadaye, Agosti 1960, reli ya Bluebell katika Sussex ikafunguliwa kwa mtindo huohuo, safari hii kwenye reli ya upana wa kawaida. Kisha mwaka 1963 ikatoka ripoti ya Dk. Beeching, mkuu wa shirika la reli la Uingereza, iliyopendekeza kufungwa kwa stesheni zaidi ya 2,000 na njia za maili zipatazo 5,000. Ghafla vipande vya reli vilikuwa vingi, vichwa vya mvuke vilikuwa vinauzwa kwa bei ya chuma chakavu, na vijana waliokuwa wakisimama kwenye daraja kuangalia treni walikuwa na sababu ya kushika nyundo.

Hapa lipo jambo ambalo watu wa vichwa vya treni hulitaja kwa furaha, na watu wa mabehewa hulisikia kwa uchungu. Vichwa vya mvuke 213 viliokolewa kutoka yadi moja tu ya vyuma chakavu, ya ndugu Woodham katika mji wa Barry, Wales. Kwa nini vilidumu pale miaka mingi bila kukatwa? Kwa sehemu kubwa ni kwa sababu wakataji walikuwa na kazi tele ya kukata mabehewa ya mizigo, ambayo ni mepesi na ya haraka, wakaviacha vichwa pembeni. Yaani vichwa vimepona kwa sababu mabehewa yalitangulia motoni. Na ya abiria nayo, yale ya mbao, mara nyingi yalichomwa moto kwanza ili mbao ziishe na chuma kibaki kwa kuuza.

Ndiyo maana leo uwiano hauko sawa. Kichwa cha treni kina mashabiki, kina jina, kina mabango. Lakini hakuna abiria anayekaa ndani ya kichwa. Nauli inalipwa kwa ajili ya kiti, na kiti kiko kwenye behewa. Reli ya urithi yenye vichwa vitano vizuri na mabehewa matatu yanayovuja haina biashara.

Adui ni maji

Ukiuliza wataalamu wa vichwa vya mvuke wanachokiogopa, watakutajia boila. Ukiuliza watu wa mabehewa, watakuonyesha juu, kwenye paa.

Behewa la Kiingereza la miaka ya 1890 lina mifupa ya mbao ngumu, mara nyingi mwaloni au mtiki, iliyofunikwa kwa vipande vyembamba vya mahogani au mbao nyingine nzuri. Paa lake ni mbao zilizopangwa bega kwa bega, kisha juu yake kitambaa kizito cha turubai kilicholalishwa juu ya rangi nzito mbichi, kikavutwa kikaza, kikapigiliwa misumari midogo pembeni na kupakwa rangi tena na tena hadi kisipitishe maji. Likichanika mahali padogo tu, maji huingia na hayaonekani. Yanashuka ndani ya ukuta, yanakaa kwenye maungio ya mbao, na mbao inaoza kutoka ndani ilhali nje rangi bado inang'aa.

Mlango unaonyesha hili vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote. Mabehewa yale ya zamani hayakuwa na madirisha ya kufungua kwa pembeni. Kioo cha mlango kilishuka chini, kikaingia ndani ya mlango wenyewe, na abiria alikipandisha kwa mkanda wa ngozi wenye matundu. Maana yake mlango una uwazi ndani, na mvua inayopiga kwenye kioo inateremka mle. Chini kuna matundu madogo ya kutolea maji. Vumbi, majani na mafuta yakiyaziba, maji yanatuama juu ya mbao ya chini ya mlango. Kwa hiyo mtu anayekagua behewa la kale haanzi na viti wala taa. Anapiga magoti, anachukua kitu chenye ncha na kuchoma taratibu mbao ya chini ya kila mlango. Ncha ikigota, vizuri. Ikizama kama imeingia kwenye mkate, mlango huo unafunguliwa wote, na mara nyingi nguzo iliyoushika nayo imekwenda.

Sasa utaelewa kwa nini kila reli ya urithi yenye busara huhangaikia banda la kuhifadhia mabehewa. Behewa lililorejeshwa kwa miaka kumi ya kazi, likaachwa nje miaka kumi ya mvua, linarudi karakana likiwa karibu na pale lilipoanzia. Kwa maoni yangu, banda lenye paa zima linaokoa mabehewa mengi kuliko karakana yenye mashine zote. Halivutii kupigwa picha, na kulichangishia fedha ni shida, lakini ndivyo ilivyo.

Kazi inavyokwenda

Behewa linaweza kufika likiwa halina magurudumu kabisa. Tangu karne ya 19 makampuni ya reli ya Uingereza yalikuwa na mazoea ya kuuza bodi za mabehewa yaliyostaafu kwa bei rahisi. Watu walizigeuza stoo za shamba, mabanda ya kuku, vibanda vya likizo ufukweni na hata nyumba za kuishi. Huko Shoreham, pwani ya Sussex, palikuwa na mtaa mzima wa nyumba za namna hiyo. Wenye nyumba mara nyingi waliezeka paa la pili juu ya behewa, na paa hilo bila wao kujua likalinda mbao kwa miaka hamsini au mia. Katika Isle of Wight, reli ya urithi ya Havenstreet imejijengea sifa kwa kuokoa bodi za aina hiyo na kuzikalisha juu ya fremu za chini zilizotoka kwenye mabehewa ya vifurushi ya zama za baadaye, zikakatwa ziwe za urefu unaofaa.

Kabla ya msumari wowote kung'olewa, behewa linapigwa picha, linapimwa na kuandikwa. Kila parafujo ya shaba, kila kitasa, kila kipande cha fremu ya dirisha kinapewa namba na kuwekwa mahali pake. Mafundi wa zamani waliwasaidia sana bila kukusudia, kwa sababu wengi wao waligonga namba ya behewa kwenye kingo za milango au kwenye mbao za ndani ili sehemu zisichanganyike kiwandani. Namba hizo zikipatikana chini ya rangi, behewa lisilo na karatasi yoyote linajulikana ni lipi na liliundwa lini.

Rangi nayo ni kumbukumbu. Anayejua kazi hakwangui ukuta wote mara moja. Anachagua kona iliyojificha, tuseme chini ya rafu ya mizigo au nyuma ya kibao cha mlango, anasugua kwa msasa laini wenye maji duara dogo tu, pole pole. Tabaka la juu linakwisha, la pili linatokea, la tatu, la nne, na kila moja linabaki ukingoni likionekana. Kahawia ya shirika la mwisho, kijani cha lililotangulia, chini kabisa labda vanishi iliyopakwa juu ya mbao tupu. Kisha anapiga picha, anaandika, na ndipo wanakaa kitako kuamua behewa hili litarudi mwaka gani. Uamuzi huo haukwepeki. Behewa lililotumika miaka sitini limekuwa na sura nne au tano, na zote ni za kweli.

Baada ya hapo ni useremala mtupu. Mbao iliyooza nusu haitupwi yote. Inakatwa mpaka kwenye afya, na kipande kipya kinaungwa kwa kiungo kirefu cha mshazari kilichogundishwa na kufungwa parafujo, ili mbao ya awali ibaki kadiri inavyowezekana. Mabehewa ya LNER, shirika kubwa la reli la Uingereza ya zamani, ambayo reli kama ya Severn Valley inayatunza, yalifunikwa kwa mtiki na kupakwa vanishi badala ya rangi, kwa hiyo huwezi kuficha kiungo kibaya kwa puti. Nyuzi za mbao lazima zifuatane. Mtiki ule ulitoka Burma, lakini ni mti uleule tunaoujua kutoka mashamba ya Longuza na Mtibwa, na seremala wa Muheza akiingia karakana ile angejua papo hapo wanachobishania.

Rangi ya nje inakuja mwishoni na inakula muda kuliko watu wanavyofikiri: rangi ya msingi, puti, msasa, puti tena, msasa tena, rangi, msasa, vanishi. Matabaka hupita kumi kwa urahisi. Herufi na mistari ya dhahabu huandikwa kwa mkono. Viti vinafumuliwa, manyoya ya farasi yaliyojazwa ndani yanafuliwa na kurudishwa, kitambaa kinafumwa upya kwa mchoro wa zamani. Behewa moja linaweza kumaliza miaka kumi mikononi mwa kundi linalokutana siku moja au mbili kwa wiki.

Kuna kazi ambazo wa kujitolea hawazigusi hata wakitamani. Mabehewa ya chuma ya miaka ya 1950, yale yanayoitwa Mark 1, ambayo ndiyo yanayobeba abiria wengi kwenye reli za urithi za Uingereza, mengi yalipuliziwa asbesto ndani ya kuta ili kuzuia joto na kelele. Kuiondoa ni kazi ya makampuni yenye leseni, na gharama yake imewahi kulifanya behewa zima libaki bila thamani.

Ya mizigo, ambayo hayana wa kuyalilia

Behewa la makaa la tani 16 lilikuwa kitu cha kawaida kabisa Uingereza. Yaliundwa kwa mamia ya maelfu. Kwa kuwa yalikuwa kila mahali, hakuna aliyewaza kuliweka moja, na makaa yenye unyevunyevu yalikuwa yanakula chuma chake tangu siku ya kwanza. Kuliokoa leo kuna ugumu wake: halibebi abiria, kwa hiyo haliingizi nauli. Makundi yanayoshughulikia mabehewa ya mizigo ni madogo, na yanajitetea kwa hoja mbili. Kwanza, mabehewa hayo bado hufanya kazi ya kubeba kokoto na mataruma ya njia yenyewe. Pili, reli nyingi zilijengwa kwa ajili ya mizigo, na ukionyesha vyumba vya daraja la kwanza peke yake unasimulia uongo. Hoja ya pili naiunga mkono kwa moyo wote.

Nyuma ya treni za mizigo kulikuwa na behewa la gadi, lenye jiko dogo la makaa na gurudumu la kukaza breki kwa mkono. Sababu ni kwamba mengi ya mabehewa yale ya mizigo hayakuwa na breki zilizounganishwa na kichwa. Treni ikiteremka mlima, kichwa kilizuia mbele na gadi alizuia nyuma, kila mmoja akimsikilizia mwenzake.

"Lakini si hatari?"

Swali hili ni la haki. Behewa la mbao, la miaka 130, lililotengenezwa na mwalimu mstaafu Jumamosi: nani ampakize mtoto wake?

Tuanze na breki. Juni 1889, karibu na Armagh katika Ireland, treni ya watoto wa shule ya Jumapili na familia zao ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi wakaikata vipande viwili ili wavute nusu nusu. Breki za treni hiyo zilifanya kazi tu kama behewa limeunganishwa na kichwa, kwa hiyo nusu ya nyuma ilipofunguliwa ilibaki imeshikwa na breki ya mkono na mawe, ikaserereka kurudi chini na kugongana na treni iliyofuata. Watu wapatao 80 walikufa, wengi wao watoto. Mwaka huohuo bunge likapitisha sheria kwamba treni zote za abiria ziwe na breki endelevu, yaani inayopita treni nzima, na inayojifunga yenyewe.

Breki hiyo, kwenye mabehewa mengi ya kale ya Uingereza, hufanya kazi kwa ombwe. Chukua bomba la sindano, ziba tundu lake kwa kidole na uvute mti wake wa kusukumia. Ukiushikilia unatulia, ukiuachia unarudi wenyewe, kwa sababu hewa ya nje inausukuma. Chini ya kila behewa kuna bomba kubwa la namna hiyo, na kichwa cha treni hunyonya hewa kupitia mpira unaopita treni nzima. Maadamu hewa imenyonywa, breki zimeachia. Mpira ukikatika, behewa likichomoka, au abiria akivuta mnyororo wa dharura, hewa inaingia na breki zinakamata kila gurudumu bila mtu kuamua. Kushindwa kwake ni kusimama. Behewa haliruhusiwi kubeba abiria mpaka mfumo huu upimwe ukiwa mzima.

Magurudumu hutolewa na kukerezwa upya kwenye mashine yakiwa yameliwa, na ekseli hupimwa kwa mawimbi ya sauti kutafuta nyufa zisizoonekana kwa macho. Mwendo nao una kikomo: reli nyingi za urithi haziruhusiwi kuzidi maili 25 kwa saa, yaani kilomita 40 hivi. Na juu yao yuko msimamizi yuleyule wa usalama anayesimamia treni za kawaida za nchi, Ofisi ya Reli na Barabara, ambayo ina mamlaka ya kusimamisha treni.

Kuhusu mwalimu mstaafu, hapo ndipo upotoshaji mkubwa ulipo. Kujitolea maana yake ni kutolipwa. Si kufanya bila kufundishwa. Anayeanza hupewa kwanza msasa na mswaki, halafu hufanya kazi chini ya mtu anayejua, na kazi inayogusa breki, magurudumu au viungio vya behewa na behewa hufanywa na kusainiwa na waliothibitishwa uwezo wao. Wapo wengi waliostaafu kutoka viwanda na mashirika ya reli ambao ujuzi wao ni wa miaka arobaini. Na reli kubwa huwa na mafundi wa mshahara pia. Mwaka 2013, reli ya chini ya ardhi ya London ilipotimiza miaka 150, behewa namba 353 la mwaka 1892 lilitembea tena kwenye njia zake za mjini. Lilirejeshwa katika karakana ya Boston Lodge, ambayo ni mali ya reli ya urithi ya Ffestiniog huko Wales.

Je, bado ni behewa lilelile?

Fremu ya chini imetoka kwingine, paa jipya, milango minne kati ya kumi imeundwa upya, kitambaa kimefumwa mwaka jana. Wapo wanaosema huo ni udanganyifu. Mimi naona jibu liko kwenye daftari. Kundi linaloandika wazi nini ni cha awali, nini ni kipya na kwa nini, linaloweka kipande kilichong'olewa stoo badala ya kukichoma, limefanya kazi ya heshima hata kama nusu ya mbao ni mpya. Lisiloandika limetengeneza mfano wa behewa, hata kama robo tatu ni ya zamani. Mabehewa yenyewe, yalipokuwa kazini, yalibadilishwa milango, magurudumu na paa kila mara. Hakuna behewa lililowahi kustaafu na mbao zake zote za awali.

Kuna pia dhana kwamba yote haya ni ya bure kwa sababu watu hawalipwi. Mbao ngumu iliyokauka vizuri ni ghali, kukereza magurudumu ni ghali, bima ni ghali. Fedha hutoka kwenye nauli, michango ya wanachama, wosia wa waliofariki, na ruzuku za mfuko wa urithi unaotokana na bahati nasibu ya taifa. Kinachopatikana bure ni saa za watu. Zingelipiwa, hakuna hata behewa moja la mbao ambalo lingerudi njiani kwa hesabu ya faida na hasara.

Na huku kwetu?

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni kwamba mabehewa ya zamani ni ya mkoloni, yaache yaoze. Naelewa linapotoka. Lakini reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kuanzia 1896 hadi 1901, ililetewa vibarua zaidi ya 31,000 kutoka India, na karibu 2,500 wakafia huku. Treni zake zilikuwa na madaraja, na rangi ya ngozi yako ilikuwa na usemi mkubwa kuhusu ungekaa wapi. Benchi la mbao la daraja la tatu ni ushahidi wa hayo ambao hakuna kitabu kinachoweza kuutoa kwa namna ileile. Likioza, anayefaidika si aliyelikalia.

La pili ni upana wa njia. Reli yetu ya zamani ni ya mita moja, na mpya ni pana zaidi, kwa hiyo mabehewa ya kale hayawezi kupita kwenye njia mpya. Ni kweli, ila njia ya mita moja bado ipo na bado inatumika Kenya, Uganda na Tanzania. Makumbusho ya Nairobi, yaliyoanzishwa 1971, yana vichwa vya mvuke kama vile 5918, kilichopewa jina la Mlima Gelai wa Tanzania, kimoja kati ya 34 vya aina yake vilivyoundwa Manchester miaka ya 1950. Uganda nayo ina makumbusho ya reli Jinja. Pa kuanzia papo.

Linalokosekana kwanza ni paa juu ya mabehewa ya mbao yaliyobaki, ambalo ni kazi ya nguzo na mabati. Jingine ni kuwafikia mafundi. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Waliofundishwa useremala wa mabehewa, upakaji wa vanishi na urekebishaji wa breki katika karakana za shirika hilo, Nairobi, Dar es Salaam, Tabora na Kampala, wapo mitaani, na aliyeingia kazini akiwa kijana wa miaka 20 mwaka wa mwisho wa shirika anakaribia 70. Kundi la watu sita wenye simu za kurekodi, futi ya kupimia na daftari linaweza kuanza na hao mwezi huu, kabla hata ya kuomba ruhusa ya kugusa behewa.